Soksi za Kilti: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Rangi kwa Asiyetaka Kurudi Darasa la Tano

Siku ya kwanza kuvaa kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Uskoti, nilipiga picha mbele ya kanisa dogo nje ya Stirling, nikaituma kwenye kundi la familia. Nilikuwa nangoja sifa. Kaka yangu aliyeko Morogoro akajibu kwa mstari mmoja: "Hizo soksi, umerudi darasa la tano?" Dada zangu walicheka siku mbili.

Walikuwa na haki yao. Nilikuwa nimekodi furushi zima: kilti, koti, kikoba cha ngozi cha mbele, viatu vya kamba ndefu, na soksi nyeupe pe zinazofika chini ya goti. Kila kitu kilikaa mahali pake, lakini ukiitazama ile picha jicho linateremka lenyewe mpaka kwenye miguu na kugoma kupanda. Nimekaa Glasgow miaka mingi tangu siku ile. Nimevaa kilti kwenye harusi, kwenye mahafali, na kwenye usiku wa Burns, sherehe ya kumkumbuka mshairi wa Uskoti Robert Burns kila tarehe 25 Januari, na sasa mimi ndiye ninayepigiwa simu na vijana wetu waliokaribishwa harusini na wafanyakazi wenzao. Swali lao huwa ni lile lile: nivae soksi za rangi gani?

Jibu langu fupi ni hili: soksi zinyamaze, tepe ziseme. Jibu refu ndilo linalofuata.

Kwanza, jua kinachoonekana

Pindo la kilti linatakiwa kuishia katikati ya goti, au juu yake kidogo. Soksi inapanda mpaka vidole vitatu chini ya kifupa cha goti, kisha sehemu yake ya juu inakunjwa nje kama ukosi wa shati. Chini ya mkunjo huo kuna ukanda wa lastiki unaoishika soksi isishuke, na kwenye ukanda huo vinaning'inia vipande viwili vya kitambaa, kila mguu na vyake. Hizo ndizo tepe ninazozisema. Kwenye soksi ya mguu wa kulia, upande wa nje, wengi huchomeka kisu kifupi kiitwacho skiandu, mpini wake ukichungulia juu ya mkunjo.

Kwa hiyo kutoka kwenye pindo kushuka chini unaona vitu vinne: ngozi ya goti, soksi, tepe na kiatu. Rangi ya soksi inakaa katikati ya vyote hivyo, na ndilo pande kubwa kuliko yote la rangi moja isiyo na mistari katika nusu ya chini ya mwili wako. Ndiyo maana ikikosewa inapiga kelele.

Isome tatani kabla hujatazama soksi

Tatani ni kile kitambaa cha miraba kinachoshonewa kilti. Aliyezoea shuka la Kimaasai ataona ni ndugu yake, lakini tatani ina mpangilio mkali zaidi: idadi ya nyuzi za kila rangi inajulikana na inarudiwa vile vile kutoka ukingo hadi ukingo. Kilti kamili hula takriban yadi nane za kitambaa, yaani zaidi ya mita saba, na nyingi kati ya hizo zimefichwa ndani ya marinda ya nyuma.

Fanya hivi. Itandaze kilti kitandani karibu na dirisha, mchana. Usitumie taa ya dari. Taa za njano huifanya kijani ya giza ionekane nyeusi na buluu ionekane kijivu, nami nimeshalipia kosa hilo. Mwezi Desemba jua la huku linazama kabla ya saa kumi jioni, basi usijiambie utaangalia ukitoka kazini.

Rudi nyuma hatua tatu au nne, ufumbe macho nusu. Mistari myembamba itayeyuka, na utabaki na rangi moja au mbili. Hiyo ni ardhi ya kitambaa. Sasa fumbua macho usogee karibu, utafute ule uzi mwembamba unaong'aa: mweupe, wa njano, mwekundu. Andika orodha mbili kwenye simu yako, ya ardhi na ya uzi. Soksi zitatoka kwenye orodha ya kwanza au kwa jirani yake. Tepe zitatoka kwenye ya pili.

Tahadhari moja hapa. Jina la tatani, ambalo mara nyingi ni la ukoo wa Kiskoti, halitoshi kukuambia rangi. Tatani ile ile ya ukoo mmoja hufumwa kwa rangi za "kisasa", zilizokolea na zenye giza. Kwa rangi za "kale", zilizopauka kama kanga iliyofuliwa mwaka mzima. Na kwa rangi za "kuchakaa", zinazoegemea kijivu na kahawia kana kwamba kitambaa kilifukiwa kwenye udongo. Ukiagiza soksi mtandaoni kwa kutazama jina tu, unaweza kuletewa kijani isiyoelewana na kijani yako hata kwa kusuluhishwa. Rejista ya Tatani ya Uskoti, iliyofunguliwa mwaka 2009, ina picha za maelfu ya tatani na inasaidia kujua mpangilio wa rangi. Kwa kivuli halisi cha rangi, amini kitambaa kilichoko mkononi mwako.

Pili, uliza ni saa ngapi na utavaa koti gani

Soksi ya mchana na soksi ya usiku si moja. Harusi ya saa saba, mahafali, au michezo ya Nyanda za Juu za Uskoti kama ile ya Braemar mwanzoni mwa Septemba, huvaliwa koti la sufu nene la kijivu, kijani au kahawia. Koti la namna hiyo linataka soksi zenye rangi ya mashambani: kijani cha majivu, shayiri, kahawia, kijivu, damu ya mzee.

Usiku, ukivaa koti jeusi fupi lenye vifungo vya fedha na tai ndogo ya kipepeo, unaweza kupanda ngazi. Hapo ndipo zinapoingia soksi za miraba iliyolalia pembe, mfano wa almasi. Miraba hiyo ina historia. Zamani soksi za watu wa Nyanda za Juu hazikufumwa kwa sindano. Zilikatwa kutoka kwenye kitambaa cha tatani chenyewe na kushonwa, na ili zivutike kwenye shavu la mguu kitambaa kilikatwa kwa mshazari. Mraba ukikatwa mshazari unasimama kwa pembe yake. Mafundi wa sindano walipochukua kazi hiyo baadaye, waliiga sura ile ile. Soksi nzuri za namna hii hufumwa kwa mkono na bei yake inaumiza, kwa hiyo usizifikirie kabla ya kilti yako ya pili.

Mpirani, kama pale Murrayfield siku ya raga, hakuna anayekukagua. Watu huvaa buti nzito na soksi zilizoshushwa zikajikunja juu ya kifundo. Vaa utakacho.

Tatu, chagua rangi yenyewe

Nianze na rangi niliyowanunulia watu wengi kuliko zote: lovati. Ni kijani kilichochanganywa na majivu na buluu kidogo, mfano wa jani la mzeituni ukiligeuza upande wa chini. Ukitazama uzi wake kwa karibu utaona si rangi moja. Mna nyuzi za kijani, za kijivu, wakati mwingine na za njano, zote zimesokotwa pamoja, na ndiyo sababu inakubaliana na karibu tatani yoyote, kwa kuwa lazima mojawapo itapata ndugu. Jeshi nalo liliiona: askari wa Kikosi cha Kifalme cha Uskoti, kilichoundwa mwaka 2006, wakivaa kilti huvaa soksi za lovati. Kama utanunua jozi moja tu maishani, nunua hii.

Sasa tuzichukue tatani chache unazoweza kukutana nazo dukani.

Black Watch ni kijani ya giza, buluu ya giza na nyeusi, wala haina uzi wa kung'aa. Ni tatani ya kimya, na wanaokodisha huipenda kwa sababu haimkatai mtu yeyote. Wengi huivalia soksi nyeusi na kutoka wakifanana na nguzo. Mimi huivalia lovati mchana, na usiku kijani cha chupa au buluu ya bahari ya kina. Ukitaka uchangamfu, damu ya mzee inaiamsha vizuri sana, kwa kuwa tatani yenyewe haina chembe ya wekundu na kwa hiyo haishindani nayo.

Gordon ni dada yake Black Watch aliyetiwa uzi wa njano. Hapa watu hukosea kwa kukimbilia soksi za njano. Usiguse. Vaa soksi za kijani au buluu ya giza, njano uiache kwenye tepe. Kama umevaa koti la kahawia na una ujasiri, rangi ya haradali iliyotulia inawezekana, ila iwe haradali kweli, isiwe limau.

Royal Stewart ni nyekundu, na nyekundu ile ni ya tarumbeta. Soksi nyekundu chini yake zitakufanya uonekane umetumbukizwa kwenye ndoo ya rangi. Chukua rangi nyingine iliyomo ndani: kijani cha chupa, au buluu ya giza. Kijivu cha makaa nacho kinafaa usiku. Shayiri inafaa mchana, kwa sababu inaipoza ile nyekundu bila kubishana nayo.

Tatani za kuchakaa, zenye kijivu na kahawia, ni rahisi. Shayiri, kijivu, kahawia ya udongo, karibu chochote kisichong'aa. Isle of Skye, yenye zambarau na kijani za magugu ya mlimani, inapendeza mno na lovati. Soksi za zambarau zinawezekana, lakini ziwe nzito na za giza, kama bilinganya. Tatani ya MacLeod of Lewis, ile ya njano na nyeusi ambayo Waskoti wenyewe huitania kwa makelele yake, ipe soksi za makaa au nyeusi, basi. Imeshasema yote.

Na kilti isiyo na miraba, ya sufu ya rangi moja? Hiyo ndiyo nafasi ya soksi zenye mchoro. Kanuni ni ile ile ya mama zetu na kanga: ukivaa maua juu, chini pumzika.

Goti letu ni jeusi

Wauzaji wa huku, kwa kawaida, hupima soksi kwa goti jeupe. Goti langu si jeupe. Kati ya pindo na mkunjo wa soksi kuna kama upana wa kiganja wa ngozi tupu, na ngozi hiyo ni rangi mojawapo kwenye mavazi. Nimelijifunza hili kwa kupiga picha nyingi na kuzitazama bila huruma.

Nyeupe kwenye mguu mweusi inakata kama mstari wa chaki. Inaugawa mguu vipande viwili, nawe unaonekana mfupi. Krimu iliyokolea na shayiri zina joto, hivyo huungana na ngozi badala ya kuikata. Kahawia ya chokoleti ina tatizo la kinyume: inapotea. Kwa mbali mtu anadhani umesahau soksi, tepe zinaning'inia hewani. Makaa na buluu ya giza huurefusha mguu, na hilo mtu mfupi atalipenda, lakini hakikisha mkunjo wa juu una nakshi au unene wa kutosha ili uonekane pale unapoanzia. Zinazong'aa zaidi kwetu ni damu ya mzee, haradali na kijani cha lovati. Ni rangi ambazo rafiki zangu weupe huziogopa, zikidaiwa kuwapausha.

Halafu goti lenyewe. Goti lililopauka halisitiriwi na soksi ya bei yoyote. Paka mafuta saa moja kabla ya kuvaa, yakauke, kwa sababu sufu ikishanyonya mafuta doa halitoki upesi.

Kesi ya soksi nyeupe

Sisemi ni haramu. Wapiga zumari wa bendi nyingi walizivaa kwa miaka mingi, na maduka ya kukodisha yakazifanya kuwa sare ya kila bwana harusi kwa sababu nyepesi: soksi ya krimu haigombani na tatani yoyote, kwa hiyo duka linaweka akiba ya rangi moja na kumvisha kila mteja. Ni hesabu ya ghala tu. Ndiyo maana Waskoti wanaojua mavazi wakiona soksi nyeupe pe huhisi mara moja kuwa umekodi.

Ukikodi na ukapewa nyeupe, omba nyingine. Maduka mengi yana lovati au makaa nyuma ya kaunta, hawazitoi mpaka uulize. Wakikosa, nunua jozi yako mwenyewe kwingine. Soksi ndicho kitu cha bei nafuu kuliko vyote kwenye mavazi haya, na ndicho kinachobadilisha sura ya furushi la kukodi kuliko kitu kingine. Nyeupe inapata haki yake ukivaa tatani yenye ardhi nyeupe, ile ya sherehe au ya wacheza ngoma, na hata hapo krimu ni salama zaidi.

Na kama utajisikia vibaya kwa kukosea, mkumbuke Mfalme George wa Nne wa Uingereza. Mavazi ya Nyanda za Juu yalipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1746, baada ya waasi wa huko kushindwa kwenye vita vya Culloden, sheria ikafutwa 1782. Mwaka 1822 mfalme akaja Edinburgh, na huko akavaa kilti, jambo kubwa kweli kweli, na chini ya kilti hiyo akavaa nguo ya kubana ya rangi ya waridi iliyofanana na ngozi. Wachora katuni hawakumwacha.

Nne, tepe

Hapa ndipo unaporuhusiwa kusema. Rudi kwenye ile orodha ya pili ya simu yako, uchukue rangi ya uzi mwembamba. Soksi za lovati na Gordon? Tepe za njano iliyotulia. Royal Stewart na soksi za kijani? Tepe nyekundu, au za tatani yenyewe. Black Watch haina uzi, basi chagua kijani au buluu ya ndani yake, ama ukope wekundu kwenye tai.

Kukopa huko kufanye mara moja tu. Soksi, tepe, tai na leso ya mfukoni zote zikiwa rangi moja, utaonekana kama kamati ya maandalizi. Mimi huacha tepe zielewane na tai, soksi zielewane na koti, na tatani iachwe ijitegemee. Ukiwa na tepe za tatani, hakikisha ni ya tatani ile ile ya kilti. Miraba miwili tofauti kwenye umbali wa goti moja ni ugomvi.

Viatu navyo vina usemi. Vile vya kamba ndefu huzungushiwa kamba juu ya kifundo, na juu ya soksi za rangi nyepesi kamba nyeusi zinaonekana kama wino. Ukizifunga vibaya kila mtu ataona. Kwa mgeni wa kamba hizo, soksi za giza zina huruma.

Kuvaa, hatua kwa hatua

Vaa soksi kabla ya kilti. Kuinama ukiwa umeshakaza mikanda ya kilti ni adhabu. Vuta soksi yote mpaka juu ya goti, hakikisha mistari ya ufumaji imenyooka kama rula mbele ya muundi. Weka ukanda wa lastiki chini ya goti, vidole vinne au vitano kutoka kwenye kifupa, tepe zikiangalia nje kidogo ya katikati ya muundi, si mbele kabisa wala ubavuni. Kisha kunja sehemu ya juu ya soksi iushukie ukanda na kuuficha. Tepe zichungulie chini ya mkunjo kama sentimita nne au tano. Pima vidole vitatu kutoka kifupa cha goti hadi ukingo wa juu wa mkunjo, kila mguu. Kioo hudanganya, mwombe mtu atazame kwa nyuma.

Ukanda ukibana sana, saa mbili za kucheza densi zitakuachia alama na ganzi. Upitishe kidole kimoja. Kikipita kwa taabu kidogo, ndiyo kipimo. Kama una shavu la mguu nene, nunua saizi kwa shavu, si kwa nambari ya kiatu, kwa sababu sufu iliyovutwa kupita kiasi hufifia rangi na kuonyesha ngozi kati ya nyuzi. Ile damu ya mzee uliyoipenda dukani inageuka kuwa waridi mguuni.

Skiandu inaruhusiwa kisheria Uskoti kama sehemu ya mavazi ya taifa, lakini si kwenye mkoba wa mkononi uwanja wa ndege. Iweke kwenye mzigo unaokabidhi. Mpini mweusi unaelewana na soksi yoyote. Wa pembe ya kulungu unapendeza na shayiri na lovati.

Mkiwa wengi

Kwenye harusi za mchanganyiko, upande mmoja wa Uskoti na mwingine wa kwetu, shangazi watataka sare. Wape. Lakini msitafute tatani moja kwa wanaume kumi na wawili, kwa kuwa wageni wa Kiskoti watakuja na za koo zao na hawatabadili. Sare iwekwe kwenye soksi na tepe. Niliwahi kuona wapambe sita wenye kilti sita tofauti, wote na soksi za damu ya mzee, na tepe zilizokatwa kutoka kitenge cha upande wa bibi harusi. Kitenge ni chepesi, kinajikunja, kwa hiyo fundi alikitia kitambaa kigumu ndani na kukata ncha zake kwa mshazari zisichanike. Zilisimama mpaka keki.

Usiku ule ule rudi nyumbani uzitoe tepe kwenye soksi kabla hujalala. Soksi zifue kwa mikono, maji baridi, sabuni laini, usizisokote. Zikamue ndani ya taulo, uzilaze juu ya kitu bapa mbali na hita. Mimi nilianika jozi yangu ya kwanza ya lovati juu ya hita, na sasa anaivaa mwanangu wa miaka tisa.